Mgongo Si Sakafu

Mgongo wangu ulinigharimu siku tisini, ubao mmoja wa mninga, majogoo wawili, chupa nne za dawa ya kuchua, na nusu ya heshima niliyokuwa nayo mbele ya mama mkwe. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata majogoo watatu, nikakumbuka kwamba wa tatu tulimla wenyewe.

Naandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu mnaoendelea kupakia na kufaulisha mizigo, lori hadi lori, pale mpakani Tunduma. Mwezi uliopita mliniaga vizuri, kwa soda na hotuba, na kwa zawadi ambayo nitaifikia mwishoni. Kwenye hotuba mlisema mzee Mara Mbili amebeba magunia miaka ishirini na saba bila kuumia. Nilipiga makofi pamoja nanyi kwa sababu ya adabu, lakini hesabu isiyo ya kweli inanikaa vibaya. Niliumia, tena vibaya. Na karibu nifukuzwe kazi na mgongo wangu mwenyewe.

Nilifika Tunduma kutoka Isansa mwishoni mwa miaka ya themanini, biashara zilipoanza kufunguliwa na malori yakaanza kupanga ile foleni ambayo haijaisha mpaka leo. Nyumbani tulikuwa wakulima wa kahawa. Nilikuwa na shingo nene, nikadhani hiyo ndiyo sifa ya kazi. Mnyapara wa makuli alikuwa Mzee Sikaonga, Mnamwanga mwembamba kama mpini wa jembe. Alinizunguka mara moja, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Umewahi kubeba nini, kijana?"

"Kahawa, mzee."

"Na umewahi kutua nini?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kunyanyua kila mjinga anaweza, kazi iko kwenye kutua. Siku ile hakunipa hata gunia moja. Nilipanda na kushuka ule ubao wa kupandia lori mikono mitupu, nikihesabu hatua kwa sauti, magoti yamelegea, kifua mbele. Zebedayo, ambaye alinitangulia kazini kwa wiki moja na kwa hiyo alijiona mkongwe, aliniuliza kama hewa ya Tunduma ni nzito. Niliporudi tena kupanda nikiwa nimehesabu upya hatua zilezile, akanipa hilo jina la Mara Mbili, na ninyi mkalirithi.

Vifaa vyetu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kofia ya gunia: unachukua gunia tupu, unakunja pembe moja ndani ya nyingine, linafunika kichwa na mgongo hadi kiunoni. Cha pili ni chaki. Hiyo alipewa mtu mmoja tu, na baada ya mwaka nikapewa mimi. Kila gunia lililopita nilichora mstari kwenye mlango wa ghala, na jioni nilihesabu mistari kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Wafanyabiashara hawakunipenda. Nilichukulia hiyo kuwa cheti.

Ukutani mwa ghala kulikuwa na misumari kumi na minane, na kila msumari ulikuwa mtu. Asubuhi unachukua kofia yako, jioni unaitundika. Ukiugua, kofia inabaki pale na hakuna wa kuigusa, kwa siku tisini. Siku ya tisini na moja mnyapara anaikunja, anaituma kwako, na msumari unapewa mwingine. Hakukuwa na barua wala mhuri. Niliwahi kutumwa mimi kupeleka kofia ya mwenzetu mmoja. Mkewe aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea nguo za marehemu, na mwenyewe yuko ndani, anakohoa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Lumbesa mnaijua: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu yake, na bado linahesabiwa moja. Wenzangu walikuwa wakinung'unika. Mimi niliona ujanja. Nikamfuata mfanyabiashara wa mahindi, nikamwambia lumbesa zake nitazibeba mimi bila kelele, ila aniongezee kidogo kwa kila moja. Tulipatana mpaka jasho likamtoka. Nikaondoka najiona mshindi, na msimu mzima nikabeba lumbesa. Kwenye mapatano yale tulikuwa wawili, yeye na mimi. Mgongo wangu haukualikwa.

Haukuvunjwa na gunia, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Asubuhi ile nilikuwa nimebeba lumbesa thelathini na moja bila neno. Kisha chaki ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, na kiunoni kukakaza kama kamba ya turubai inavyokazwa na wanaume wawili. Nikabaki nimeinama hivyohivyo, naitazama chaki, haiko mbali, wala haifikiki.

"Mara Mbili," Zebedayo akasema nyuma yangu, "umeihesabu?"

"Ni moja."

"Rudia."

Walipoona sirudii, wakaacha kucheka. Dereva mmoja wa Kizambia alisema "pole, mukwai," yaani mheshimiwa kwa lugha ya kwao, akanivulia kofia, jambo lililonitisha kuliko maumivu. Wakanipeleka nyumbani juu ya mkokoteni wa nyanya, nimelala kifudifudi, matako juu. Njiani tukakutana na mama mkwe anatoka sokoni. Ile nusu ya heshima niliyoitaja iliishia hapo.

Jioni makuli wakaja nyumbani kukata shauri. Msimu ule tulikuwa tunafaulisha saruji kuipeleka Zambia, asubuhi mpaka jioni, na akili ya mtu hufuata mzigo wake. Zebedayo ndiye aliyelisema, na kwa haki yake, alilisema kwa upendo.

"Jamani, sakafu ikimwagwa haikanyagwi. Mwacheni huyu akauke."

Wote wakakubali. Nami nilikubali, maana lilisikika kama la fundi. Godoro likaondolewa, ukaletwa ubao wa mninga, nikalazwa chali, na amri ikatolewa nisijigeuze. Mke wangu, Mama Neema, alinilisha kwa kijiko. Kila wiki walikuja kuniuliza kama nimeanza kushika.

Kwetu pia mama aliyezaa mapacha anaaminiwa kutibu kiuno kwa kukikanyaga. Alikuwepo jirani mmoja, mama mzito, mwenye mapacha wawili ambao wote walikuja kutazama. Akanikanyaga mara saba, akachukua jogoo. Siku ile niliinuka, nikatembea hadi mlangoni na kurudi, nikajisikia mtu. Kesho yake nikalala tena kwenye ubao wangu, na baada ya siku tatu nikawa kama mwanzo. Akaitwa tena, jogoo wa pili, mambo yaleyale. Simsemi vibaya. Ninachosema ni kwamba sote tulisifu kule kukanyagwa. Hakuna aliyesifu kule kutembea hadi mlangoni.

Wiki saba zikapita hivyo. Mapaja yangu yakawa kama ya korongo. Kukaa kunauma, kusimama kunauma zaidi, na kila nikikohoa nilidhani uti wa mgongo unatoka. Nilianza kuamini kwamba sitabeba tena, na mtu asiyebeba, pale Tunduma, sikujua anaitwaje. Asubuhi moja Mama Neema aliweka kijiko chini.

"Baba Neema, wewe unayehesabu kila kitu, umehesabu siku?"

"Arobaini na tisa."

"Rudia."

"Arobaini na tisa."

"Sakafu ya kanisa ilikauka wiki moja, tukafanyia harusi juu yake. Wewe ni saruji ya wapi? Kesho tunakwenda hospitali."

Tulikwenda kwenye hospitali moja ya misheni, kwa kuomba lifti kwenye lori la mbolea. Daktari aliniuliza maswali ambayo niliona hayahusiani na mgongo. Haja ndogo naizuia? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Mguu umelegea? Nimepata homa, nimekonda bila sababu, nimeanguka? Akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniinua miguu mmojammoja, akanichoma unyayo kwa pini. Mwisho akasema hakuna dalili mbaya, na picha haihitajiki.

"Daktari, nimetoka Tunduma juu ya mbolea. Nirudi bila picha?"

"Ungekuwa na mojawapo ya yale niliyokuuliza, ningekupiga picha leo hii. Huna. Picha haitatibu kitu."

Nilisikitika kama mtu aliyenyimwa chenji. Akanipeleka chumba cha pili, kwa mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada wa miaka isiyofika thelathini, jina lake Sekela, mwenyeji wa Isongole kule Ileje, na Kiswahili chake kilikuwa na mteremko wa Kindali. Aliniuliza nimelala siku ngapi na nani aliniagiza. Nikamweleza habari ya saruji. Akageuka kutazama dirishani kwa muda. Nadhani alikuwa anacheka.

"Baba," akasema aliporudi, "mgongo si sakafu. Sakafu inaiva kwa kutulia, mgongo unaiva kwa kutumika. Huu wako umelazwa mpaka umesahau kazi yake."

"Na ukivunjika nikiutumia?"

"Unauma, haujavunjika. Kuuma na kuvunjika ni mizigo miwili, usiihesabu mmoja."

Hapo alinipata, kwa sababu alizungumza lugha yangu. Nikamwambia ukweli: leo ni siku ya hamsini, nimebakiza arobaini, siku ya tisini na moja kofia yangu inashuka msumarini. Hakunihurumia. Alichukua kalamu.

"Utatembea robo saa, mara tatu kwa siku."

"Mara mbili, dada."

"Nne."

"Ulisema tatu."

"Nimepandisha kwa sababu umepatana. Mama yangu ameuza ndizi Isongole miaka ishirini, baba, usinichoshe."

Nikaishika ile tatu kabla haijapanda tena. Ndiyo mara pekee kwenye maisha yangu niliyoshindwa bei nikafurahi.

Alinipa vidonge vya maumivu vya siku chache, akaniambia niweke kitambaa cha moto nikitaka, na akanifundisha mazoezi kwenye mkeka. Kulala chali na kuvuta goti kifuani. Kukunja magoti, kisha kuinua kiuno taratibu na kukishusha taratibu zaidi. "Kazi iko kwenye kushusha," akasema, nikamkumbuka Mzee Sikaonga. Kuchuchumaa nimeshika mlango. Baada ya wiki mbili, kunyanyua ndoo yenye lita tano, halafu kumi, halafu ishirini, kama mtoto anayeanza upya. Kisha akanipa sheria ambayo nimewapa ninyi wote, ingawa sikuwaambia nimeipata wapi. Maumivu yakipanda kidogo na kushuka kabla ya kesho, endelea. Yakipanda na kubaki, punguza, lakini usiache. Ila mguu ukilegea, au ganzi ikishika katikati ya mapaja, au haja ikakataa kuzuilika ama kutoka, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kutoka nyumbani kwetu hadi kwenye reli ya treni ya Zambia zilikuwa hatua mia sita na kumi na mbili kwenda. Kurudi zilikuwa mia sita na arobaini, kwa sababu kurudi ni mlima na mimi nilikuwa kilema. Nilijua nimeanza kupona siku hesabu mbili zilipoanza kukaribiana. Majirani hawakuniacha. "Mgonjwa gani huyu anazurura kutwa mara tatu," walisema, na mama wa mapacha akanuna, maana aliona majogoo wanampita. Zebedayo naye alipita mlangoni na mkokoteni.

"Kaka, msumari wako umeanza kutu. Shemeji yangu anautolea macho."

"Mwambie shemeji yako leo ni ya sitini na tatu."

"Ananihesabia yeye pia."

Siku ya sabini na moja niliinama vibaya kwenye ndoo na ile kamba ya turubai ikakaza tena. Nikajiburura ndani, nikamwita Mama Neema anipe ubao wangu.

"Ubao uko sokoni," akasema. "Una nyanya juu yake."

Alikuwa ameufanya meza ya biashara tangu juzi yake bila kuniuliza. Nikakosa pa kulala, nikatembea. Hatua mia tatu tu, nusu ya kawaida, nimeng'ata meno. Jioni maumivu yakashuka. Kesho yake mia nne. Nimeshukuru watu wengi kwenye kazi hii, lakini aliyeniponya kwa kuuza nyanya ni mmoja.

Siku ya tisini niliingia ghalani kabla ya saa moja asubuhi. Kofia yangu ilikuwa bado inaning'inia, ina vumbi. Mzee Sikaonga alikuwa amekaa chini yake. Desturi ni kwamba anayerudi hubeba mzigo mmoja mbele ya wote, na wote huhesabu hatua zake. Zebedayo alikwishaandaa mzigo wangu: lumbesa ya mahindi, kilemba chake kinaelekea mbinguni. Shemeji yake amesimama pembeni, kofia mpya mkononi.

"Karibu nyumbani," Zebedayo akasema.

Nililizunguka lile gunia mara moja, kisha mara ya pili. Nilitamani sana kulibeba. Watu kumi na saba wananitazama, na ubishi ni mzigo ambao sijawahi kuutua vizuri.

"Silibebi."

Mzee Sikaonga akainua macho.

"Kwa hiyo umekuja kuchukua kofia yako?"

"Nimekuja kuivaa, mzee. Lakini hili si gunia, ni gunia na mdogo wake. Liwekeni kwenye mizani."

Mzee akaashiria, wakaliweka. Mizani ikaonyesha kilo mia moja na thelathini na saba. Wenzangu waliobeba magunia kama hilo msimu mzima baada yangu walisogea kusoma wenyewe, mmojammoja, na hakuna aliyenicheka. Tulikuwa hatujawahi kupima. Tulikuwa tunanung'unika tu.

"Wewe utabeba nini?" mzee akauliza.

"Mfuko mmoja wa saruji. Kilo hamsini. Na mwezi mzima sitazidisha hapo. Mwezi wa pili tutazungumza."

"Unapatana na mimi?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko wiki saba za ubao. Kisha akasimama, akaitoa kofia yangu msumarini, akaikung'uta vumbi gotini, akanivika mwenyewe.

Hatua zilikuwa thelathini na mbili kutoka kwenye lori hadi ghalani. Nilichuchumaa, nikaukumbatia mfuko karibu na tumbo, nikanyanyuka kwa miguu. Watu walihesabu kwa sauti. Kwenye ya kumi na tisa kiuno kiliuma kidogo, nikakiacha kikiuma, tukaendelea sote wawili. Kwenye ya thelathini na mbili nikatua, taratibu, kama yai. Mzee Sikaonga hakusema nimebeba vizuri. Alisema, "Ametua." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala peke yangu, nikapumua, sijui kwa muda gani. Hapo sikuhesabu.

Tangu siku ile lumbesa niliichorea mistari miwili ya chaki. Mfanyabiashara wangu wa mahindi alilalamika kwamba gunia ni moja. Nikamwonyesha mizani. Alihamia kwa makuli wengine, akarudi baada ya majuma matatu na magunia yaliyoshonwa mdomoni. Wengine waliendelea kuleta vilemba vyao, na lumbesa nyingine tulizibeba watu wawiliwawili. Sisemi tulishinda lumbesa. Nasema ilianza kulipa nauli ya watu wawili.

Miaka michache baadaye Zebedayo naye alikazwa kiuno, akiwa anavaa soksi. Nilimkuta kitandani, ameshaagiza ubao. Nikamuuliza kuhusu mkojo, ganzi na mguu, nikamwona mzima, nikamwambia avae viatu.

"Sakafu haikanyagwi," akaninong'oneza.

"Mia sita na kumi na mbili," nikamjibu. "Kwenda tu."

Tulitembea naye hadi relini, akinitukana njia nzima kwa Kinamwanga, lugha ambayo alidhani sikuwa nimejifunza. Baada ya wiki nne alikuwa kazini. Shemeji yake alikwishapata msumari wake mwenyewe, wa kumi na tisa.

Maumivu yalinirudia mara nyingine, mbili tatu kwa mwaka, kama mgeni asiyebeba zawadi. Sikuyaogopa tena. Nilipunguza, nikatembea, yakaondoka. Kati ya yote niliyopata pale mpakani, huko kutoogopa ndiko ninakokuthamini zaidi.

Sasa zawadi yenu. Mlinipa kochi kubwa la mtu mmoja, lenye mito ya kutosha kulaza ndama, na mkalileta wanne mkilibeba kwa ustadi hata nikaona fahari. Mlisema, "Mzee, sasa kaa." Nimekaa. Nusu saa ya kwanza ni tamu sana. Baada ya hapo kiuno kinaanza kuuliza maswali, nikizidisha naamka nimepinda kama siku ile ya chaki. Mgongo huu ulifundishwa kwa shida kutumika, na ninyi mmeununulia mahali pazuri pa kusahau. Kuku wa Mama Neema ameshataga humo mayai manne.

Nilipopita juzi katika kutembea kwangu, nilichungulia ghalani. Niliona kofia yangu bado iko kwenye msumari. Najua mmeiacha kwa heshima. Lakini sheria mnaijua, na siku nimezihesabu mara mbili: tangu mniage ni thelathini na moja, zimebaki hamsini na tisa. Sitaki tena gunia, na saruji nawaachia. Nauliza tu kama kuna mtu ameshika chaki, na kama anayeishika anaruhusiwa kusimama. Mkiona haifai, niambieni mapema mtu aliyestaafu anapaswa kubeba nini, maana huku nyumbani nimetafuta kote, sijaona mzigo ulio saizi yangu. Nishaurini kabla siku hazijaisha.